Mlango wa Nyumba Yenu, Kibokoni

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyumba uliyozaliwa nimeiona, bado imesimama!

Jana nilifika Kibokoni adhuhuri na kamera yangu. Kila nikipiga, ukuta ulitoka mweupe pepepe na ule mlango wa nakshi ulioniomba ukatoka mweusi kama kaniki. Njia nayo ni nyembamba, nyumba haikuenea pichani. Nilikaribia kulia, maana leo asubuhi tunaondoka kwenda Lamu.

Mama mmoja mzee akachungulia kutoka dirisha la ghorofani, nyumba inayoelekeana na yenu. "Mwanangu, saa hizi wapiga jua tu. Rudi baada ya alasiri, kivuli cha nyumba yangu kikishaifunika hiyo yote. Kisha upande huku juu, utaiona nzima."

Nikarudi. Pale dirishani kwake nyumba ilienea yote, na mwanga ulikuwa mpole hata nikaona maua madogo ya kwenye nakshi. Akaniuliza picha ni ya nani. Nilipokutaja jina, alipiga kigelegele! Bibi, huyo ni Mwanaisha, uliyekuwa ukienda naye chuoni kusoma Kurani.

"Ngoja nivae leso mpya nishuke nikasimame pale mlangoni kwenu," akasema, "Zuhura asije akaniona nimezeeka."

Ndiye huyo anayecheka upande wa pili wa kadi. Nambari yake nimeiandika pembeni. Mpigie mara kadi hii ikikufikia, ameketi karibu na simu.

Mola akuweke, Bibi.

Mjukuu wako, Rukia