Siku Tuliyomhamisha Mama

Nyumba Mpya za Kodrinë,
Kosovo.
9 Novemba 2008.

Mpendwa kaka Skënder,

Pokea salamu za moyo kutoka kwetu. Hujambo? Wifi yangu Valdete na watoto hawajambo? Baridi ya huko Uswisi imeshaanza kuuma? Sisi tu wazima, ila kifua cha Baba bado kinambana.

Kaka, Kodrinë yetu haipo tena. Mgodi wa makaa ya mawe umefika mpaka kwenye bustani ya Mama. Serikali inasema umeme wa nchi hautoshi, kila majira ya baridi tunanunua wa nje kwa bei ya kuumiza, na makaa tumeyakalia sisi. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya makaburi kuhamishwa.

Msimamizi wa mgodi alitutaka tukae pembeni, vijana wake wachimbe. Baba akakataa. "Mke wangu nilimzika mwenyewe. Nipe sepetu."

Mzee Rifat, jirani yetu, hakuacha utani hata pale. "Hysni wewe, miaka yote umefanya kazi kwenye mtambo wa umeme kuwashia watu taa, leo mtambo umekufuata nyumbani!" Baba akacheka, kisha akalia. Rifat akavua koti, akashuka naye shimoni. Jinsi nilivyotamani ungekuwa wewe!

Tulimlaza Mama makaburi mapya, kando ya barabara. Imamu akasoma Yasini. Nilikuwa nimefunga udongo wa kwetu kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikaumwaga juu ya kaburi.

Najua umekasirika kwamba Baba alitia saini tuhame. Hata mimi nilimlaumu. Nilimuuliza kwa nini hakuwapinga kama ulivyotaka. Akasema, "Mihrije mwanangu, umesahau mgao wa umeme? Mama yako alikata roho tukimshikia mshumaa. Ningewaambia nini wengine wenye wagonjwa?"

Sasa tuko ghorofani, na taa hazizimiki. Lakini kila jioni Baba huketi karibu na simu, koti mwilini kama msafiri. Juzi nilimwambia akalale. Akanijibu, "Zamani tulisingizia umeme. Siku hizi haukatiki, na simu bado hailii."

Mpigie, kaka. Hata kama ni kumgombeza, mpigie.

Shangazi Hatixhe anakusalimu sana, na mzee Rifat pia. Wabusu Drin na Arta kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko ugenini, akulete salama kwetu.

Mdogo wako asiyechoka kukungoja,
Mihrije