Silinda ya Ottmar Hunold Haikuwa na Kosa

Mwaka umetimia, Ottmar, tangu Bwana alipokuita ukiwa kitini pako, kengele za adhuhuri zikigonga.

Tunakukumbuka kwa upole wako, na kwa ukaidi wako wa kazi. Chuma ulichokishika leo ulikipima kesho. “Kiacheni kipumzike,” ulisema, “bado kina joto la mkono wangu.” Nyumbani nako tulikoma: hata supu ulitaka ipumzike.

Miaka kumi na mmoja ulichonga silinda za kwenda angani, moja ya chuma kizito ndani ya nyingine ya chuma chepesi, ili wataalamu wajue kama vitu vyote alivyoumba Mungu huanguka kwa mwendo mmoja. Mkeo alikuuliza, “Si uviangushe tu hapa jikoni?” Ukamjibu, “Jikoni kuna upepo, kuna sakafu, na kuna wewe. Huko juu vitaanguka miezi na miezi bila kufika chini.”

Roketi iliondoka na jozi mbili za silinda zako wiki tisa baada ya maziko. Jozi moja ilifanya kazi. Ya pili ilibaki imekabwa na pete, kazi ya mafundi wengine, zilizoishikilia safarini. Karakana nzima ikasema silinda ya marehemu ilikuwa nene, nawe huna mdomo wa kujitetea. Maneno yakafika hadi kanisani. Hata ndugu yako Burkhard akasema, “Shemeji, macho ya kaka yalishachoka. Yaache hayo.”

Mkeo hakuyaacha. Mara sita alipanda basi kwenda karakanani Göttingen na daftari lako, ambamo kando ya kila kipimo umeandika joto la chumba: nyuzi ishirini.

“Bibi Hunold, haya ni mambo ya wataalamu,” mkubwa wa karakana akamwambia.

“Mimi niliishia shule ya msingi,” akajibu, “lakini ishirini najua kuisoma. Hao wa pete walipima kwenye nyuzi ngapi?”

Alikaa miezi minne bila jibu.

Mwezi uliopita barua ikaja, mistari mitatu. Pete zilipimwa Julai, katika chumba cha nyuzi ishirini na saba. Zilipopoa, zikanywea na kubana. Silinda yako ilikuwa sawasawa. Neno la pole halimo. Na jozi ile haishuki tena kurekebishwa. Itazunguka hivyo hivyo na jasho lako ndani yake. Tumesali, na bado linatuuma.

Tuliomba barua isomwe mbele ya mafundi. Tukaambiwa hakuna haja. Basi tumeiandika hapa gazetini, wasome wenyewe.

Misa ya mwaka ni Jumapili, saa nne asubuhi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Gerlinde, binti yako Mechthild na mumewe Jörn, wajukuu Lioba na Korbinian, na ndugu yako Burkhard, aliyeomba jina lake liandikwe la mwisho.

Daima utakumbukwa, Ottmar, na kwa jina safi.