Sindano ya Taratibu

KITUO CHA POLISI, MALINDI, UNGUJA
Maelezo ya shahidi, tarehe 14 Agosti 1956, saa nne asubuhi
Jina: Mwanakheri binti Simai. Umri: miaka 38. Kazi: mhudumu wa zahanati. Makazi: Jang'ombe.

Hakuna aliyeniita, nimekuja kwa miguu yangu. Daktari wetu ni Mzungu, Kiswahili chake ni cha salamu tu. Mimi nilijifunza Kiingereza misheni, Mbweni, kwa hiyo anayoagiza namfikishia dresa wetu, mfunga vidonda na mpiga sindano, Pandu Sheha.

Mnamo tarehe 13 Agosti, saa mbili na nusu asubuhi, Bi Mashavu alimleta mwanawe Kidawa, miaka sita, pumu imembana, midomo imegeuka rangi. Daktari aliagiza apigwe sindano ya mshipa ya aminofilini, dawa ya pumu, isukumwe polepole kwa dakika kumi, saa ikitazamwa, kwani ikienda haraka huudhuru moyo. Kisha akakimbilia chumba cha pili kwa mama aliyekuwa akijifungua.

Nilimwambia Pandu, "Mpige ya mshipa, taratibu."

Akajibu, "Naam, Bi Mwanakheri."

Pandu ana mkono mwepesi, watoto wote humtaka yeye. Sindano iliingia na Kidawa hata hakukunja uso. Sijamaliza kukunja shuka moja, dawa yote ilikuwa imekwisha ingia.

Mtoto akasema, "Mama, moyo unanenda mbio."

Nikajibu mimi, "Woga tu huo, mwanangu. Yashakwisha."

Nilipomshika mkono, mapigo hayakuhesabika. Halafu hayakuwapo. Daktari alikuja, akajaribu aliyoyajua. Saa tatu kasorobo mtoto alifariki.

Daktari akamuuliza Pandu, "Hukuambiwa dakika kumi?" Swali hilo nililitafsiri kwa mdomo wangu huu.

Pandu alinitazama. "Nliambiwa taratibu, na taratibu ndivyo nlivyomchoma. Hata hakulia."

Jibu hilo sikulifikisha. Nilimwambia Daktari kuwa Pandu hana la kusema. Alasiri mkaja kumkamata Pandu.

Sisi tukisema taratibu, huwa ni upole na huwa ni kutokwenda mbio. Pandu alishika upole. Dakika kumi mimi sikuzitaja kabisa, kwa haraka zangu. Naona haya, na namwogopa Bi Mashavu kuliko ninyi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, sikuongeza wala sikupunguza tena.

Sahihi: Mwanakheri bt. Simai

Nimemsomea shahidi maelezo haya. Nilimwonya kuwa yanaweza kutumiwa dhidi yake, nikamuuliza kama anataka kubadili neno. Alisema, "Nishabadili jana. Leo yaache."
Koplo Hasan Msabah