Pole Yangu Si Ushahidi

Gaithersburg, 7 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba Ghati wa stesheneri amekuchapishia barua hii kwa herufi kubwa kama nilivyomwomba. Mimi mzima, ila nimekasirika, na nikikasirika unajua naandika kirefu.

Nilikuambia ofisi yetu, lile shirikisho la vyama vya wanasayansi wa udongo, itanipa tuzo kwenye chakula cha jioni mwezi Mei. Meneja wa ofisi huwa hapewi tuzo hapa, wanapeana maprofesa. Safari hii wanachama wenyewe ndio walioomba: yule mama wa Brazili niliyemhangaikia viza mpaka akafika, na mzee Anatoli niliyemuuguza hospitali alipoanguka mkutanoni. Nilifurahi, mama, sitaficha.

Sasa sikia. Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano hotelini Fairfax. Mkurugenzi wetu mpya alitaka kupanga tarehe na hoteli yeye mwenyewe, akakosea. Tunafika, ukumbini kuna harusi, wageni wetu wamesimama nje na mabegi yao. Jasho linamtoka. Nikamwonea huruma, nikamshika bega, nikamwambia, "Sori. Sori sana." Kama tunavyosema pole. Jumatatu nakuta ameiandikia bodi kwamba meneja wa ofisi amekiri kosa lake. Sasa anataka nisaini barua ya kuomba radhi, la sivyo tuzo hakuna, na kazi yangu itafikiriwa upya.

Hawa watu sori yao ina maana moja tu: nimekosa. Nishauri.

Mwanao,
Leokadia

Musoma, 15 Machi 2024

Mwanangu Leokadia,

Marahaba. Goti linanung'unika mvua ikikaribia, lakini natembea. Mjukuu wangu Makena hajambo?

Nimesoma nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikaogopa. Yaani unampa mtu pole, naye anaibeba kwenda kukushtaki nayo! Hapa mtu akijikwaa njiani, anayepita bila kumpa pole ndiye anayesemwa.

Lakini saini, mwanangu. Una nyumba ya kulipia na mtoto yuko chuoni Annandale. Karatasi ni karatasi tu. Saini, upokee tuzo yako, yaishe. Mimi nimewahi kumeza makubwa kuliko hayo na bado niko hai.

Mama yako

Gaithersburg, 24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Huku hatujambo. Makena anazisoma barua zako mwenyewe siku hizi, ingawa akinijibu ni Kiingereza kitupu.

Sisaini. Usinikasirikie. Ulimeza ya kwako na ya kwangu pia, mimi tumboni sina nafasi. Nikisaini, mkutano wowote ukiharibika watafungua faili na kukuta jina langu. Tena nitaanza kuogopa kumpa mtu pole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimewaambia bodi hivi: kama nina kosa, nionyesheni kosa. Pole yangu si ushahidi. Mkurugenzi akasema basi nisifike kwenye chakula. Nikamjibu kwamba meza za ukumbi ule ninazipanga mimi, na kiti kimoja ni changu.

Mwanao,
Leokadia

Musoma, 12 Mei 2024

Mwanangu,

U mzima? Ghati anafungua imeili kila siku, hakuna kitu. Nimekuandikia Pasaka, kimya. Simu yako inaita tu.

Kama umenuna kwa sababu nilisema usaini, nafuta neno langu. Nimekaa nikalifikiria na kuona aibu ni yao. Mtoto wa jirani yetu Gregori anasafiri kuja huko wiki hii, nimempa kitenge ushonewe. Kivae siku ya hicho chakula chao. Wakikufukuza, wakufukuze umependeza.

Mama yako anayekusubiri

Gaithersburg, 2 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Nilishindwa kukuandikia kabla sijajua mwisho wake. Kitenge kilifika, nikakivaa juzi, nikaenda nikakaa kwenye kiti changu. Jina langu walikuwa wamelitoa kwenye ratiba.

Maprofesa wakapewa tuzo zao. Zamu ya mzee Anatoli ilipofika, aliiweka ya kwake mezani akasema, "Nilipolazwa, Leokadia aliniambia sori kila asubuhi. Sikuwahi kudhani kwamba ugonjwa alinipa yeye." Watu wakacheka, halafu wakasimama ukumbi mzima, wakinipigia makofi. Mama, nililia.

Mkurugenzi akainuka haraka kwenda kuwatuliza. Mguu ukanasa kwenye waya wa maikrofoni, akaanguka kwa magoti mbele ya watu wote. Nikaenda nikamshika mkono, nikamwinua, nikamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, "Pole."

Akaniuliza nimesema nini.

Nikamwambia, "Maana yake umeumia, na nimeona. Haina maana kwamba nimekuangusha."

Akarudi kukaa. Tuzo sijapewa. Barua sijasaini. Bodi wanakutana mwezi huu, wataamua watakavyo. Kesho naenda kufungua ofisi kama kawaida, funguo ninazo mimi.

Watu walipokuwa wanatoka, nilisimama mlangoni kama ninavyosimama kila mwaka. Wakawa wananipa mkono na kujaribu lile neno, huyu "poli," yule "pola," mama wa Brazili peke yake akalipatia. Niliwajibu wote sawasawa, mama.

Nimeshapoa.

Mwanao,
Leokadia