Majivu Kwenye Sukuma Wiki Yangu

Jumanne, Mei 1996

Leo asubuhi tena nimekuta majivu yamezungushwa kwenye kila shina la sukuma wiki, mboga yangu ya kwanza kupanda maishani. Mimi napikia stovu ya mafuta ya taa. Majivu nitayatoa wapi?

Nilidhani ni jirani yangu, Mama Zuhura, ananifundisha kimyakimya. Nikaenda kumshukuru.

"Si mimi, Mama Akinyi," akasema. "Majivu hufukuza wadudu. Aliyekuwa akiyaweka ni Rehema, aliyekaa nyumba hiyo yako. Tulimzika mwaka jana."

Wadudu kweli wameisha. Majani yamenawiri na watoto wanayangoja.

Jioni niliinama nikayapapasa majivu yale. Yalikuwa bado ya moto.

Nimewaambia watoto kesho tutakula kabeji ya sokoni.