Theluji Iliyomchukua Khalid

Jumeirah Lake Towers,
Dubai.

Dada yangu Mwanakombo,

Assalaam alaikum. Goti la mama linamruhusu kusujudu siku hizi, au bado anaswali kwenye kiti? Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauna raha. Kwa simu nisingeweza kukueleza; humu nyumbani kila neno lina msikilizaji. Barua hii nampa Bi Sauda, mpishi wa jirani, anayekuja Malindi likizo.

Nilikwambia kwamba bosi wangu, sir Majid, atatupeleka milima ya Georgia kuona theluji, na mimi niende kumwangalia binti yao mdogo. Basi siku ya pili madam, mkewe, alibaki hotelini, sisi tukapanda: sir, mdogo wake aitwaye Khalid, mtoto, mimi, na kiongozi wa njia, bwana mmoja wa huko aitwaye Levan. Kabla hatujatoka, Levan alimfunga kila mmoja wetu kifuani kifaa kidogo kinachotoa ishara, ili mtu akifukiwa apatikane. Mimi nilidhani ni mambo ya kutisha wageni tu.

Miti ilipokwisha, mbele yetu kulikuwa na mteremko mweupe, hauna hata alama ya mguu. Levan akatusimamisha. Akachimba kidogo kwa beleshi, akatuonyesha: theluji mpya imekalia ya zamani, hazijashikana, na upepo wa jana umerundika nyingine huko juu.

"Hapa leo hapapitiki," akasema kwa Kiingereza. "Tunarudi kwa njia ya msituni."

Khalid akacheka. "Yalla, dakika tano tu. Nipigeni picha nikiwa katikati."

"Nimesema hapana," Levan akajibu, akamshika mkono. Khalid akajichomoa, akaenda. Sir hakumkataza, alitoa simu apige picha.

Dada, kwanza nilisikia mlio mzito, kama gunia limeangushwa juu ya dari. Kisha mteremko wote ukakatika na kushuka. Khalid alinyoosha mikono, halafu sikumwona tena.

"Tazameni pale alipopotelea! Msiondoe macho!" Levan alipiga kelele, huku akiita waokoaji kwa redio. Akaangalia juu kama kuna nyingine inayokuja, kisha akaingia na kifaa chake kikilia, akachoma theluji kwa fimbo ndefu mpaka ikagonga kitu. Nikamkalisha mtoto nyuma ya mti, nikamwambia afumbe macho, nikaenda kuchimba pamoja na Levan na sir. Theluji ikishaporomoka huwa ngumu kama saruji. Tulipoufikia uso wake, midomo ilikuwa ya buluu. Levan alimpulizia pumzi mpaka waokoaji walipofika. Khalid hakuamka.

Jioni polisi walikuja hotelini. Sir akawaambia kiongozi hakutuonya kabisa. Levan alikuwa amekaa pale pale, vidole vimefungwa bandeji, akinitazama. Madam akaninong'oneza, "Wewe hujui Kiingereza. Hukusikia kitu."

Polisi aliponigeukia nikasema kwa Kiingereza, "Alituonya. Alimshika hata mkono." Levan wakamwacha aende kwake.

Tangu turudi Dubai sir hasemi nami. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza, na paspoti yangu iko kwake. Madam kaniambia, "Khalas, tunafuta viza yako." Juzi mama mzazi wa sir, bibi mzee tunayeishi naye, aliniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Wallahi niambie. Mwanangu alionywa?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza kama Khalid aliumia sana, nikasema sijui. Akaniomba nimwonyeshe jinsi yule mtu alivyomshika mwanawe. Nikamshika, hapa juu ya kiwiko. Akaweka mkono wake juu ya wangu, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Leo asubuhi sir ameniwekea paspoti juu ya meza ya jikoni, akatoka. Sijui kama ananifukuza au ananiachia. Vyovyote iwavyo, dada, narudi.

Nisalimie shemeji, na Ami Shee muadhini wetu. Mwambie amwombee dua Khalid, ingawa hamjui. Msalimie na somo yangu aliyenifunza kupika. Mama mwambie nakuja, ila siku za mwanzo atanikuta kimya. Asiniulize. Anipe tu kazi ya kufanya.

Mdogo wako,
Zuhura