Biskuti za Samli Yako, Kambini Mutuini

Mutuini, Dagoretti
Jumapili, 16 Agosti 1959. Asubuhi ukungu mzito, nyasi zimelowa, baridi ya kuficha mikono kwapani.

Mama mpendwa,

Mwaonaje hali huko nyumbani? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mimi ni mzima kabisa, tena nina furaha hata kalamu inanikimbia. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku mbele ya hema, kabla wasichana hawajaamka.

Ndiyo, Mama, hema! Nimewaleta wasichana kumi na wawili wa darasa langu la upishi tulale siku tatu katika uwanja wa kanisa. Wazazi walikubali kwa shida. Baba yake Wanjiru, ambaye ni mpishi wa Wazungu kule Lavington, alikataa katakata. Mkewe ndiye aliyemruhusu mtoto. Nilijua kwamba akija kumchukua, kufikia jioni wengine nao watafuatwa, na kambi yangu ya kwanza itakuwa ya mwisho.

Jana ilikuwa siku ya biskuti. Nikafungua sanduku: unga upo, sukari ipo, siagi haipo. Kwenye orodha yangu nimeitia alama, kumbe nimeiacha juu ya meza chumbani kwangu mjini. Basi nikatoa mkebe wako wa samli, ile uliyoniambia nile kidogo kidogo mpaka Krismasi. Soma kwanza, ukasirike baadaye.

Vikombe vitatu vya unga, kimoja cha sukari, kimoja cha samli, chumvi kidogo, na maziwa ya kushikanisha tu. Wasichana wakakanda, wakakata kwa mdomo wa kikombe. Tukazipanga kwenye sahani ya bati, sahani ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Dakika kumi na tano kwa saa yangu. Tulipofunua, juu nyeupe, chini nyeusi tititi. Wanjiru akasema, "Mwalimu, hizi zimeiva upande wa majirani." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Hapo nikakumbuka viazi vitamu vyako, jinsi unavyotandika majani ya mgomba ndani ya chungu, chini kabisa, ili visishike. Nikaokota vijiwe vitatu vikavu, nikaviweka chini ya sahani, tukapanga biskuti nyingine mbichi, tukafunika tena.

Hatujafunua, baba yake Wanjiru akatokea langoni, koti begani.

"Mwalimu, sisi tuko na nyumba. Kwa nini mtoto yangu alale nje kama mbuzi? Wanjiru, chukua blanketi."

"Baba, ngoja biskuti."

"Biskuti gani? Nimepikia Wazungu miaka kumi na tisa. Bila oveni hakuna biskuti."

Wote wakanitazama. Nikafunua. Mama, ile harufu! Rangi ya asali, juu na chini. Wanjiru akampa moja kwa mikono miwili. Akaivunja, akainusa, akatafuna polepole.

"Hii siagi ya wapi?"

"Ni samli ya mama yangu," nikasema.

"Hm." Akachukua ya pili. Kisha akachuchumaa mbele ya sufuria. "Makaa ya juu ni kidogo. Mbona mnanyima kifuniko moto? Wanjiru, shika koti."

Alioka nasi sufuria nne! Akiwafokea, "Pole pole, hiyo si ugali!" wao wanacheka na kumwita Fundi. Jua lilipoinama alivaa koti, akafunga kwenye leso biskuti sita za kumpelekea mkewe. Wanjiru akaja na lile blanketi aliloambiwa alichukue. Baba yake akalitazama, akaniambia, "Usiku hapa kuna baridi. Alale katikati." Akaenda zake.

Samli imekwisha, Mama. Nimekwangua mkebe kwa kijiko. Najua ulivyokitikisa kibuyu cha maziwa na goti hilo, lakini kila tone lilifanya kazi.

Nisalimie Baba, na Tito ndugu yangu fundi baiskeli, na shangazi Selina wa kwaya. Bibi mwambie nimemwekea biskuti mbili, laini, za meno yake.

Jana usiku nilipita na taa nikiwahesabu, kisha nikaandika kwenye daftari langu: Kumi na wawili, Wanjiru katikati. Nalala, saa tano na dakika ishirini.

Binti yako,
Dorika